Ukimuuliza mtoto mara mbili

Jumamosi moja umeme ulikatika mapema, nikaona nitumie giza hilo kumpima akili mpwa wangu.

Ana miaka 6, yuko darasa la awali. Anaishi na bibi yake, yaani mama yangu, hapa Mwanza, Kirumba ya kule juu, ambako nyumba zimepandana juu ya mawe na ukifungua dirisha unaona bati la jirani na kipande cha ziwa. Nilichukua mabakuli mawili yanayofanana, nikayatia maji usawa mmoja, nikayaweka chini ya taa ya sola. "Maji yako sawa?" Akalaza shavu mezani, akafumba jicho moja kama fundi anayeangalia mstari wa tofali. "Sawa." Nikachukua bakuli moja, nikamimina maji yake yote kwenye glasi ndefu nyembamba ya juisi, yeye akiangalia. "Na sasa, maji yako sawa?"

Akaitazama glasi. Akanitazama mimi. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba alinitazama mimi muda mrefu kuliko alivyoitazama glasi.

"Ya kwenye glasi mengi."

Nilifurahi kama mtu aliyeona nyota ikitokea mahali ambapo kitabu kilisema itatokea. Jaribio hilo tulifundishwa chuo cha ualimu. Ni la Jean Piaget, mwanasaikolojia Mswisi aliyezaliwa 1896, ambaye sisi tulimwita "Piageti" miaka yote miwili bila mtu wa kutusahihisha. Kijana huyo, mwaka 1920 hivi, alikuwa Paris akiwapa watoto mitihani ya akili, na badala ya kuhesabu majibu sahihi akavutiwa na yale yaliyokosewa. Aliona watoto wengi wa rika moja wanakosea kwa namna moja, akajiuliza kama kuna utaratibu ndani ya kukosea huko. Kwa swali hilo tu namheshimu mpaka leo. Akaja kusema kwamba kabla ya miaka 7 hivi, mtoto huvutwa na kimo cha maji, hawezi bado kushika kichwani kwamba kilichomiminwa ni kilekile. Mpwa wangu alikuwa amejibu kama kitabu.

Saa haikupita, Mama akaita kutoka uani. Jirani alikuwa amekuja na beseni lake kufuata dagaa aliokwisha kuwalipia, na tayari walikuwa wamepimwa kwenye kisado, kopo la kupimia. Mama akamwambia mjukuu wake awamimine. Binti akawamimina, wakatandaa chini ya beseni pana, wakaonekana kiganja tu. Jirani akatania: "Mbona mmenipunguzia?" Mpwa wangu akajibu hapohapo, hata hakunyanyua macho: "Ni walewale. Beseni lako ndilo kubwa."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na daftari langu.

Tulipokwenda kulala nilimuuliza kwa upole: kwa nini kwenye maji alisema ya glasi ni mengi? Akasema, "Si uliuliza tena, Mjomba?" Nikamwambia sijaelewa. Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mgeni: "Ukipatia, mwalimu anasema mpigieni makofi. Akiuliza tena umekosa."

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimefundisha hisabati miaka 11.

*

Baadaye niligundua kwamba jambo hilo lilishawashughulisha watu muda mrefu. Mwaka 1974 Susan Rose na Marion Blank walirudia majaribio ya namna ya Piaget kwa watoto wa miaka 6, wakibadilisha kitu kimoja tu: waliuliza mara moja, baada ya kupanga upya vitu, badala ya kuuliza kabla na baada. Makosa yakapungua. Mwaka huohuo, Uskoti, James McGarrigle na Margaret Donaldson walimwingiza mdoli wa dubu mtukutu, anayetoka kwenye sanduku lake na kuvuruga mstari wa vitu vilivyopangwa. Mtu mzima hakuhusika, dubu ndiye aliyeharibu. Watoto wengi zaidi wakasema idadi ni ileile. Mtu mzima anaposogeza vitu kwa makusudi mbele ya macho yako kisha akakuuliza jambo lilelile, mtoto mwenye akili hujiambia kwamba huyu hakusogeza bure, kuna kitu anataka nikiseme kimebadilika.

Sisemi Piaget alikosea kila kitu. Mtoto wa miaka 3 au 4 hata umuulize mara moja, kimo cha maji humchota kweli. Na siwacheki watoto: nenda sokoni uone watu wazima wanavyochagua kisado kilichorundikwa kilele bila kukagua kama tako lake limebonyezwa kwa ndani, au wakulima wanavyolazimika kujaza lumbesa, gunia linalozidishwa kupita mdomo wake, huku kila mtu akiiita "gunia moja". Macho yetu nayo hudanganyika. Ninachosema ni kwamba usiku ule nilidhani napima jinsi mtoto anavyofikiri kuhusu maji, kumbe nilikuwa napima jinsi anavyofikiri kuhusu mimi.

Jumatatu nikaingia darasani na masikio mapya, na nilichokisikia hakikunipendeza.

Nina wanafunzi 93 wa darasa la tatu. Kijana mmoja alikuwa ubaoni, ameandika saba mara nane ni 56, mwandiko mzuri kabisa. Mdomo wangu ukasema wenyewe, "Una uhakika?" Hakungoja hata nimalize. Alifuta kwa kiganja, akaandika 54. Akageuka kuangalia uso wangu, akafuta tena. Nikasema, "Darasa?" Darasa zima likaitikia kwa sauti ya kuimba: "Amekosaaa!" Hakuna aliyekuwa amepiga hesabu. Waliisoma sauti yangu.

Waliosoma shule zetu wanaijua nyimbo hii. Mwalimu anasema, "Mji mkuu wa Tanzania ni Dodo…?" na darasa linamalizia, "…maaa!" Mwalimu anauliza, "Tumeelewana?" na darasa linasema, "Ndiyooo!" Jaribu siku moja kuuliza "Hatujaelewana?" kwa sauti ileile uone. Mimi nilijaribu. Walisema ndiyo.

Ujerumani, mwanzoni mwa karne iliyopita, palikuwa na farasi aliyeitwa Hans. Mwenye farasi, Wilhelm von Osten, alikuwa mwalimu wa hisabati mstaafu (sisi watu hatupumziki), na farasi huyo alikuwa akiulizwa hesabu anajibu kwa kugonga kwato chini. Watu walifurika Berlin kumtazama. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha siri yake: Hans alipatia pale tu alipoweza kumwona muulizaji, na muulizaji huyo awe analijua jibu. Alikuwa akigonga mpaka aone kichwa cha mtu kikitikisika kidogo sana, tena bila mwenyewe kujua, kwato zilipofikia idadi sahihi. Von Osten hakuwa tapeli. Aliamini kabisa kwamba anafundisha hesabu.

Sisemi watoto ni farasi. Nasema nimekuwa nikitikisa kichwa miaka 11.

*

Kuna mwanafunzi wangu mmoja ambaye jioni huuza mayai ya kuchemsha karibu na kivuko cha Kamanga. Sishangilii mtoto kuzunguka na trei hadi usiku; nimeongea na mama yake, na mama yake ameniuliza swali moja kuhusu kodi ya nyumba ambalo sikuwa na jibu lake. Lakini hebu mtazame akifanya biashara. Abiria amekula mayai saba ya mia tano, amekunjua noti ya elfu kumi, honi ya kivuko inalia. Kijana anasema huku anamimina chumvi kwenye karatasi ya mwingine: "Saba ya jero, buku tatu na jero. Kumi ukitoa tatu, saba, ukitoa jero, sita na jero." Chenji imeshatoka. Darasani nilimpa 10,000 toa 3,500, wima, kama tunavyofundisha. Alikopa, akasahau kwamba amekopa, akaandika 7,500. Nikamuuliza kama ana uhakika. Mnajua kilichofuata.

Watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walikutana na watoto wa namna hiyo Recife, Brazili, na mwaka 1985 wakachapisha walichokiona. Watoto walikuwa watano tu, wa miaka 9 hadi 15, wauza nazi na matunda mtaani. Watafiti walijifanya wateja. Pale kwenye meza ya biashara watoto walipatia asilimia 98 ya hesabu. Walipopewa baadaye hesabu zilezile kavu, za tarakimu tu, wakapatia asilimia 37 hivi. Mmoja wa miaka 12 aliulizwa bei ya nazi 10 kwa cruzeiro 35 kila moja. Shule ingemfundisha aongeze sifuri. Yeye akaanza na tatu, 105. Tatu nyingine, 210. Akapanda hivyo hadi 350.

Watu husimulia habari hii kuonyesha kwamba mtaa una hesabu zake na shule ina zake. Ni kweli. Mimi sasa naisoma pia kwa upande wa swali. Abiria wa Kamanga anapouliza "Shilingi ngapi?" hajui, anataka kujua, na akipigiwa hesabu mbaya atakasirika kwa sababu ya fedha zake. Mimi ninapouliza "10,000 toa 3,500 ni ngapi?" najua, na mtoto anajua kwamba najua. Kwa hiyo kazi yake inakuwa kutafuta kilichomo kichwani mwangu, na kwenye kazi hiyo penseli haimsaidii sana.

Juu ya hapo kuna adabu. Upande wa Kenya wa ziwa hilihili, Robert Sternberg na wenzake walichapisha mwaka 2001 utafiti wa watoto 85 wa Kiluo, wa miaka 12 hadi 15. Waliwapima ujuzi wao wa dawa za mitishamba za kutibu minyoo na maradhi mengine, ambao kule si mchezo, ni uhai. Waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama ndogo zaidi katika majaribio ya kishule. Katika kazi iliyokwenda pamoja na hiyo, wanakijiji walieleza kwa maneno yao mtu mwenye akili ni nani, yakapatikana manne: rieko (maarifa na ujuzi), luoro (heshima), paro (kuwaza na kuthubutu kuanza jambo) na winjo (kuelewa mambo yanavyokwenda). Shule inapima sehemu ya la kwanza.

Hilo la heshima ndilo lililonikaa. Kwetu Usukumani, na sidhani Wakerewe au Wajita wako mbali, mkubwa akirudia neno, mdogo halirudishi. Kiswahili chenyewe kimebeba jambo hili: mtoto "asiyesikia" si kiziwi. Basi mwalimu akirudia swali na mtoto akang'ang'ania 56 yake, amekuwa mbishi. Akifuta, amekuwa msikivu. Kijana wangu wa ubaoni alinipa kilichotakiwa na malezi yake yote, mimi nikaandika X nyekundu.

*

Watu wazima nao?

Mwaka 1971 serikali ilichagua wilaya sita ziwe za kwanza kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika: Mafia, Masasi, Mpwapwa, Kilimanjaro, Pare, na kisiwa chetu cha Ukerewe. Mwanza mjini kulishakuwa na makao ya mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO tangu 1968, uliotengeneza vitabu vya kusomea kwa mujibu wa kazi za watu: pamba, uvuvi, ng'ombe, migomba. Bibi yangu mzaa mama alisoma ngumbaro, yaani elimu ya watu wazima, Ukerewe katika msukumo huo, chini ya mwembe. Mwalimu wao alikuwa kijana aliyemaliza la saba, umri wa mjukuu. Bibi alipenda sana kusimulia siku ya kwanza: kijana kanyanyua kadi ameandika herufi kubwa, kauliza, "Hii ni nini?" Kimya. Mzee mmoja mvuvi akamwonea huruma, akasema, "Mwanangu, kama huijui, turudi nyumbani."

Familia nzima ilikuwa inacheka hapo. Mimi nilicheka miaka 30 kabla ya kuelewa kwamba mzee hakuwa anatania. Alikotoka, mtu haulizi anachokijua. Shirley Brice Heath, aliyekaa miaka mingi na familia za Carolina nchini Marekani miaka ya 1970, alikuta watoto wa mtaa mmoja wa watu weusi wakiduwaa vivyo hivyo shuleni. Nyumbani kwao hakuna aliyemnyooshea mtoto kitu na kumuuliza rangi yake huku anaiona. Mwalimu alipouliza walinyamaza, na kunyamaza kwao kukahesabiwa kuwa hawajui.

Bibi alikuwa na swali lake mwenyewe lililompeleka chini ya mwembe. Alitaka kuisoma mizani ya pamba. Miaka na miaka karani alikuwa akitaja kilo, naye akiitikia. Alijifunza tarakimu kabla ya herufi, nje ya mpangilio wa kitabu, na msimu uliofuata akasimama nyuma ya karani akasoma kwa sauti kabla yake. Hakuwahi kutuambia kama kilo ziliongezeka. Alikuwa akiishia hapo, anakohoa, anaomba maji.

Tofauti ninayoiona ni hii: mtoto hubadilisha jibu, mtu mzima huficha swali. Nimekaa kwenye semina, walimu watu wazima 40 wenye vyeti, mwezeshaji akasema "Kuna swali?" na feni ndiyo iliyosikika. Mimi nilikuwa na maswali yasiyopungua matatu. Nilimwuliza jirani yangu kwenye chai, naye akasema alikuwa anangoja mimi niulize.

*

Ofisini wananiuliza, basi tusiulize watoto kitu? Hapana, kuulizwa kunafundisha. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, mwaka 2006, waliwapa wanafunzi wa chuo habari ya kusoma. Waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 40 baada ya wiki moja; waliosoma mara moja kisha wakajaribu mara tatu kuikumbuka bila kutazama, asilimia 61. Kujivuta kichwani kunakaza kumbukumbu. Lakini pale mtu alikuwa anachimba kumbukumbu yake, hachungulii uso wa mtu.

Kwa hiyo nimebadilisha kidogo, na sijui niite mafanikio. Nimeacha "Una uhakika?" Nasema "Umepataje?", na nasema hivyo kwa aliyepatia na aliyekosa. Wiki za kwanza zilikuwa msiba: kila niliyemuuliza umepataje alifuta. Walishajifunza kwamba mwalimu hasimami karibu na jibu zuri. Ilichukua karibu muhula mzima. Siku moja yule muuza mayai, mbele ya ubao, 20,000 toa 13,500, akajibu umepataje bila kugusa kifutio: "Nimemrudishia jero kwanza, ikawa kumi na nne. Halafu sita." Nikamwambia aandike hivyohivyo. Aliandika 6,500 na maelezo yake pembeni, mstari umepinda unashuka chini. Wapo ambao bado wanafuta. Mkaguzi akija nitaeleza.

Kwa mpwa wangu niliacha majaribio. Yeye ndiye sasa ananifanyia: "Mjomba, sita na sita ngapi?" Nikisema kumi na mbili, ananikazia macho. "Ngapi?"

Jumapili iliyopita nilimsindikiza Mama sokoni Mwaloni asubuhi. Alikuwa anatafuta dagaa wa mzigo wa Kongo, na dagaa wa mbali lazima wakauke kweli, wasije wakaota ukungu njiani. Nimeishi na dagaa maisha yangu yote na sikuwahi kumuuliza anajuaje. Nikamuuliza. Alinitazama kuona kama namtania, kisha akachota konzi kwenye gunia, akawatikisa karibu na sikio langu.

"Umesikia?"

Palikuwa na makuli wanapiga kelele, mkokoteni unapita, redio.

"Ndiyo, Mama."

Akawarudisha, akachota kwenye gunia la pili, akatikisa tena.

"Umesikia?"

Nikaangalia uso wake. Haukuwa na kitu.

"Hapana, Mama. Hata wale wa kwanza sikusikia."

"Najua," akasema, akanishika bega akanigeuza nitazame ziwani, mbali na redio, akachota konzi mbili, moja kila mkono, akazileta kwenye masikio yangu yote mawili.